Vipimo vya Bwawa la Editha

Mikumi, 4 Juni 2024

Mjomba Urbanus,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kwa sababu najua masikio yako hayapatani tena na simu, na meseji unaziita maneno ya watu wenye haraka. Barua hii atakuletea Doto wa mikate, ambaye sasa anashuka Kilosa kila Jumanne. Natumaini mama Hildegarda amepona kifua. Huku baridi imeanza mapema, na tembo wawili wamekula migomba ya jirani yangu mpaka shina. Mama yupo.

Mjomba, nina shida ya maji. Yule bwana niliyempikia miaka kumi na tisa amerudi kwao, na nyumba yake ya wageni ya vyumba vinne sasa ni yangu. Nyuma yake kuna bwawa la kuogelea. Sokoni wananiita tajiri. Tajiri gani ana vyura mia? Maji yalikuwa kijani kama mlenda. Nimeyamwaga, nimesugua kuta kwa siku tatu, nimejaza maji ya kisima. Siku ya sita yamekuwa mlenda tena. Muuza dawa amenipa kopo lenye maandishi nisiyoyajua, akaniambia, "Weka kiasi." Nikamuuliza kiasi gani. Akasema, "Kiasi, dada."

Wageni wanaweza kuoga bafuni. Hili ni la mama. Tangu kiharusi cha Februari mguu wa kushoto hautii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amesema atembezwe ndani ya maji yanayofika kifuani, mara tatu kwa wiki, kwa sababu maji yatambebea nusu ya uzito wake. Amesema miezi sita hii ikipita bila mguu kutembea, basi. Lakini maji mabaya yatamwasha macho na kumpa vidonda. Bwawa lina mita nane kwa nne. Upande mmoja linafika kiunoni, upande wa pili kifuani.

Wewe umekaa na maji maisha yako yote. Nisaidie.

Mpwa wako,
Ida

*

Kilosa, 11 Juni 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba. Hildegarda anakohoa bado, ila anakohoa huku akinigombeza, kwa hiyo ninajua ni mzima. Hapa Mabwerebwere tunavuna mahindi yaliyonusurika na mvua. Umeandika "mama yupo." Sikuona salamu yake, na sikuitegemea.

Sasa tusome. Bwawa lako lina maji ya lita elfu thelathini na nane hivi. Iandike namba hiyo ukutani, maana bila hiyo kila kipimo ni ramli. Maji hayo yana mambo matatu ya kuangaliwa, na utayaangalia kwa mpangilio huu.

La kwanza ni ualkali. Huu ni kama ndugu wengi ndani ya nyumba: mmoja akikasirika, wengine humtuliza. Ukiwa mdogo, maji hubadilika tabia kwa kila kitu unachotia. La pili ni pH, yaani uchachu au ukali wa maji. Tunataka iwe kati ya saba nukta mbili na saba nukta sita. La tatu ndiyo klorini, inayoua vijidudu. Watu huanza na la tatu, kisha wanashangaa. Klorini katika maji yenye pH ya juu ni mlinzi aliyelala getini: mshahara anakula, na wezi wanapita.

Doto anakuletea kisanduku changu cha kupimia. Vidonge vilikuwa vya zamani, nimeagiza vipya Morogoro. Chota maji kwa kina cha kiwiko, usichote ya juu. Ualkali ukiwa chini ya themanini, tia baking soda gramu mia sita na hamsini, ngoja siku moja, upime tena. pH ikipanda, ipunguze kwa asidi, kikombe kimoja cha chai kwa mara moja, ukiwa umevaa glavu. Asidi humwagwa ndani ya maji mengi. Usimwage kamwe maji ndani ya asidi. Na asidi na klorini visikae rafu moja, hata vikiwa vimefungwa. Klorini ya unga, gramu sitini, itakupandishia kipimo kimoja. Kwa kuua huo mlenda, tia gramu mia sita baada ya jua kuzama, maana jua huila.

Andika vipimo kila siku, unitumie. Mama yako Editha asiingie mpaka nikuambie.

Mjomba wako,
Urbanus

*

Mikumi, 2 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kisanduku kimefika salama. Mama amekiona mezani, akaniuliza ni cha nini, nikasema ni cha maji. Hakuuliza zaidi.

Usinicheke. Mlenda ulikufa, maji yakawa safi mpaka nikaona sarafu chini. Ualkali ulikuwa hamsini. Nikaenda kutafuta baking soda, duka halina hata pakiti tatu. Mwenye duka akasema, "Chukua magadi, ni yale yale, hata maharage hayajui tofauti." Nikasaga magadi kilo moja, nikatia. Sasa bwawa ni maziwa, Mjomba. Nikitia kidole majini, hakionekani. Kipimo cha pH kimekuwa cha zambarau, rangi isiyokuwepo hata kwenye karatasi yako. Nimeharibu?

Mtaalamu amekuja tena. Ameupima mguu kwa utepe, ukawa mwembamba kuliko Mei.

Ida

*

Kilosa, 9 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka, nisamehe, na Hildegarda amecheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mwenye duka hakusema uongo wote. Magadi na baking soda ni ndugu, lakini mmoja ni mpole na mwingine ana hasira. Magadi huinua ualkali, ila huinua na pH kwa nguvu zaidi. Maji ya visima vya huko yana chokaa nyingi. pH ikipanda ghafla, ile chokaa iliyokuwa imeyeyuka inajitenga na kuelea. Hayo ndiyo maziwa yako. Hayana sumu.

Tia asidi kikombe kimoja, endesha pampu kwa muda wa saa sita, pima. Kesho kikombe kingine. Usitie viwili kwa pamoja kwa sababu ya huruma ya mguu. Chujio lioshwe kila jioni, maana litajaa chokaa. Ndani ya siku nane utaona sakafu.

Kuna jambo naomba ulikumbuke. Barua yako ilikaa kwa Doto siku tano kwa sababu ya gari kuharibika pale kijiji cha Ulaya, nami leo nakupa dawa ya maji ya wiki iliyopita. Kwa hiyo kabla ya kutii neno langu lolote, pima kwanza. Kipimo cha leo kikipingana na barua yangu, fuata kipimo.

Urbanus

*

Mikumi, 20 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mama Hildegarda pia shikamoo. Huku twiga wanavuka barabara kama wenye barabara. Nimepata wageni wawili, wanafunzi wanaochunguza ndege wa porini.

Ameingia! Maji yaliposafika nilimpeleka kwenye ngazi ya bwawa, akashika chuma na kusema, "Mimi na maji tulishaachana." Tangu mafuriko ya Kidete, unajua, hajawahi kuingia katika maji yanayozidi ndoo. Siku tatu alisimama pale, akarudi ndani. Siku ya nne akanishika shingo kama anataka kuninyonga, akashuka. Alinitukana kwa Kikaguru matusi ambayo sikujua kwamba mke wa katekista mmoja anayajua. Kisha akatembea, Mjomba. Kutoka ukuta hadi ukuta, mara mbili. Alipotoka alisema, "Maji hayana harufu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Yamepimwa."

Sasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jana alitembea mara sita.

Sijamwambia vipimo vinatoka kwako. Naogopa atatoka majini asirudi. Sijui ni nini kilichopita kati yenu, wala sijawahi kuuliza. Lakini miaka kumi na minne ni mingi, na kutoka Kilosa hadi hapa ni nusu siku. Kwa nini usije uone bwawa ulilolitibu kwa kalamu? Mjomba ndiye baba wa pili, ndivyo nilivyofundishwa.

Ida wako

*

Kilosa, 3 Septemba 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma. Maneno ya Kikaguru nayakumbuka. Aliyafundishwa na bibi yetu, na mimi nilichapwa kwa kuyarudia.

Kuhusu kuja: magoti yangu, na barabara, na maharage yanayosubiri kupurwa. Umefanya vema kutomwambia. Usimwambie.

Tuendelee na somo, maana mtu akishaingia majini hesabu inabadilika. Katika kisanduku kuna vidonge vya aina mbili. Cha kwanza kinakuonyesha klorini iliyo huru, yenye nguvu ya kufanya kazi. Cha pili kinakuonyesha klorini yote. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti ile ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho, mafuta ya ngozi na vitu vingine ambavyo mwili unaacha majini. Ikizidi nukta tano, macho yatawasha, ongeza dawa. Isipokuwepo kabisa, ujue maji hayajaguswa na mwili wa mtu. Andika namba zote mbili kila siku.

Hildegarda amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo: "Mzee huyu anatibu bwawa asiloliona ili asimwone aliyemo ndani yake." Nimeandika.

Urbanus

*

Mikumi, 22 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Sote hatujambo. Mama hajambo. Mvua za kwanza zimenyesha.

Vipimo vya wiki tano nimeambatanisha kwenye karatasi ya pili. pH saba nukta nne. Maji ni safi sana. Niongeze chochote?

Ida

*

Kilosa, 5 Novemba 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba.

Nimekaa na karatasi yako ya pili tangu juzi. Wiki mbili za kwanza zinasomeka kama nilivyotarajia. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa klorini huru inashuka, na tofauti inaonekana, nukta mbili, nukta tatu. Huyo ni Editha anatembea. Ninamwona kabisa, anageuka ukutani. Halafu kuanzia Jumatatu ya tarehe 30 Septemba namba zinanyooka. Klorini inapungua kidogo kwa jua, kila siku kiasi kile kile, na tofauti ni sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, wiki tatu mfululizo.

Ida, hakuna mtu anayeingia katika maji hayo. Mama yako yuko wapi?

Najua umekatazwa kuniambia. Editha hawezi kuita mtu. Tangu utotoni anangoja uje mwenyewe. Kwa hiyo na mimi nitasema nililokaa nalo, ambalo yeye hajakuambia. Najua hajakuambia, kwa sababu bado unaniandikia.

Mwaka wa mafuriko nilikuwa Kidete kwa mama yako na baba yako, tumekula Krismasi pamoja. Mto Mkondoa ulikuwa unapanda. Editha alitaka wote tuhamie mlimani mchana ule ule, alikwisha kufunga vyombo. Nikamwambia, subiri. Nilikuwa nimepima mito kwa miaka thelathini. Nikachonga kijiti, nikakitia alama, nikakisimamisha ukingoni, nikakaa nacho kwa muda wa saa tatu. Nikarudi nikawaeleza, kwa hesabu, jinsi maji yanavyopanda vidole viwili kwa saa, na kwamba tutakuwa salama hadi kesho yake. Nilieleza vizuri sana. Baba yako Melkizedek aliniamini akafungua vyombo. Lakini nilipima mto peke yake. Sikuhesabu mvua iliyokuwa inanyesha juu milimani. Alfajiri maji hayakuja kwa vidole. Mimi na Editha tulishika mti. Baba yako alirudi kuwafungulia mbuzi.

Msibani mama yako hakunilaumu. Angenilaumu, ningekaa. Alinipa chai kama mgeni. Tangu siku ile sikurudi.

Mvua za vuli zikipungua, nitajitahidi kuja. Nieleze hali yake kwa ukweli.

Urbanus

*

Mikumi, 22 Novemba 2024

Mjomba,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Imekaa hapo siku nane. Sikutaka kukuandikia, wala sikutaka uje. Kila nikipita nyuma ya nyumba nikaliona lile bwawa lako nilitamani kulijaza mchanga.

Sasa naandika, na huu ndio ukweli. Tarehe 29 Septemba mama alipata kiharusi cha pili, baada ya ibada, akiwa ameketi. Kuanzia hapo ni wa kitandani. Aliniambia, "Usimwite. Akija, aje kwa sababu amechoka kukaa mbali." Kwa hiyo nilikuwa naandika vipimo vya maji matupu, maana sikujua niandike nini kingine, na nikiacha kuandika ungejua.

Katika siku zile nane mama alikuwa bado anatujua. Alikuwa anaongea polepole, anacheka kidogo, aliomba uji wa ulezi. Juzi, tarehe 20, kimekuja cha tatu. Sasa mimi ananiita Mama. Kwa hasira yangu nimekunyima siku nane, Mjomba, na wewe kwa woga wako umejinyima miaka kumi na minne, sijui Mungu atapimaje.

Usingoje mvua. Barabara ya Zombo ikikatika, shuka utembee.

Ida

*

Kilosa, 20 Januari 2025

Mwanangu Ida,

Marahaba, na pole tena. Nimerudi kutoka Kidete jana. Kaburi la mama yako halijatitia. Nimepanda ukoka upande wa chini, udongo usikimbizwe na mvua. Wamelala mkono kwa mkono, yeye na Melkizedek. Hildegarda amekuwekea mbegu za mchicha, Doto atakuletea.

Katika barua yako ya Krismasi umeniuliza tulizungumza nini, mimi na mama yako, ile asubuhi ya kwanza uliponiacha naye ukaenda kuchemsha maji. Unasema ulisikia sauti yake kupitia dirishani, na kwamba nilipotoka ulikataa kuniuliza kwa sababu ya uso wangu. Nitakueleza.

Unakumbuka nilipofika sikuingia ndani moja kwa moja. Ulidhani napumzika. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachukua kisanduku barazani, nikapiga magoti, nikapima maji. Nilikuwa naogopa, na hiyo ndiyo kazi ninayojua kuifanya nikiogopa. Vipimo vilikuwa sawa kabisa. Ndipo nikaingia chumbani, kisanduku bado mkononi, mikono ya shati imelowa.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika nitakalomwambia, tangu mwanzo hadi mwisho, nikalipanga kama somo: kijiti, mvua ya milimani, Melkizedek. Niliketi nikainamisha sikio la kulia karibu na mdomo wake. Akafungua macho. Akaniangalia, kisha akakiangalia kisanduku.

Akasema, "Fundi wa maji?"

Nilikuwa natafuta karatasi.

Akasema, "Maji yale usiyaguse. Kaka yangu ndiye anayeyapima."

Sijui alijuaje. Labda aliuona mwandiko wangu juu ya bahasha, labda alijua tangu siku ya ngazi. Wewe hukumwambia, nami nakuamini.

Nikasema, "Sawa, mama."

Akasema, "Akija akakuta umeyachezea, atakueleza mpaka ukome. Anapenda kueleza, yule." Na akacheka, Ida. Ile sauti uliyoisikia dirishani ilikuwa kicheko.

Sikumwambia mimi ni nani. Ningemwambia, ningemnyang'anya yule kaka yake anayekuja, nikampa huyu aliyechelewa. Sikumwomba msamaha. Nakuandikia hili usije ukadhani niliomba, ukapata faraja isiyo ya kweli. Karatasi haikutoka mfukoni. Nilikaa, nikaushika ule mguu wa kushoto, ulikuwa baridi na mwepesi, nikaukanda kama mtaalamu alivyokuonyesha, mpaka wewe ukaja na maji ya moto.

Alisema neno moja zaidi kabla hujaingia. Alisema, "Fundi, ukimwona mwambie ashuke ngazi polepole. Pana utelezi."

Mjomba wako,
Urbanus